Kengele kubwa ya shaba, kwa wanaopanda baskeli pwani Jambiani, Unguja

Kengele hii naitumia tangu upepo wa kusi ulipoanza, na naisifu bila kusita. Ni ile ya mtindo wa zamani: kikombe kipana cha shaba na kinyundo cha kusukuma kwa dole gumba. Niliinunua sokoni Darajani, mjini, kwa shilingi elfu kumi na mbili. Ziko ndogo za bei nafuu, na ziko honi za betri, lakini kwa njia yetu ya mchangani sizipendekezi.

Maji yakitoka, mchanga kati ya Jambiani na Paje huwa mgumu na kila mtu huutaka. Wapo wanaokimbia asubuhi, wageni wanaotembea pekupeku, watoto wa skuli na mpira wao, kina mama wa mwani, na sisi wa baskeli. Hapana mstari uliochorwa wala upande wa mtu, kwa hiyo anayekuja nyuma kwa kasi ndiye wa kujitambulisha.

Uzuri wa kengele hii ni mlio mzito. Kikombe kikubwa hutoa sauti nene kuliko kidogo, na masikio yanapozeeka hupoteza kwanza zile sauti nyembamba. Wazee wetu wanaonyoosha miguu baada ya sala ya alfajiri hawaisikii kengele ndogo mpaka baskeli imeshawafika. Hii wanaisikia mapema, tena haiwashtui. Honi ya betri husikika, sikatai, ila mtu huruka, na anayeruka bila kutazama anaweza kuangukia mbele ya gurudumu.

Upepo nao lazima uhesabiwe. Nikielekea Paje, yaani kaskazini, kusi iko mgongoni, mlio unanitangulia vizuri. Nikirudi Jambiani upepo unanirudishia sauti yangu mwenyewe, basi hapo napunguza mwendo kwanza ndipo nipige. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa baskeli hukata zaidi ya mita 4 kila sekunde. Ukimpigia anayetembea ukiwa mita 8 nyuma yake, hazitimii sekunde 3 umeshamfika, na humo asikie, aelewe, asogee. Mimi hupiga nikiwa mita 20 au 30, mara moja tu, kisha nikikaribia natoa salamu: "Assalamu alaykum, napita kulia kwako." Hapo mzee hujibu salamu na kuendelea na njia yake wala hahitaji kugeuka.

Anayekimbia na muziki katika masikio yote mawili hapana kengele itakayomfaa. Mpite mbali. Na nyinyi mnaokimbia, tafadhali acheni sikio moja wazi.

Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, kina mama hutoka baharini na magunia ya mwani kichwani, wakikatiza njia yetu kwenda juu. Shingo iliyo chini ya mzigo haigeuki. Hapo siigusi kengele: nasimama avuke, au napita nyuma yake taratibu. Kumpigia kengele mama mwenye gunia kichwani ili akupishe ni kukosa adabu, na inaniuma sana kila nikiiona.

Kasoro zake ni mbili. Kikombe hakishiki kutu, lakini springi ya ndani inashika upesi kwa chumvi. Ioshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, ukitoka pwani, ikauke, kisha itie tone la mafuta ya cherehani. Ya pili ni bangili yake ya kuifungia, ambayo imekatwa kwa usukani mwembamba. Kwenye usukani uliovimba katikati haiingii, ifunge karibu na mshiko, na ikilegea izungushie kipande cha tyubu kuukuu. Yangu iko kushoto, dole gumba linaifikia na vidole havijaachia breki. Nenda dukani na baskeli yako, uijaribu kabla ya kulipa.