Scribus 1.6 kwa jarida la watengenezaji gemu: inafaa, ila faili kuu libaki kwa mtu mmoja

Jarida la bure la watengenezaji gemu lina mzigo wa aina yake. Ukurasa huu una mistari 40 ya msimbo, unaofuata umejaa picha zenye pikseli kubwa kama matofali, wa tatu ni mahojiano marefu. Programu ya kuandikia barua hushindwa hapo: ukisogeza picha moja ukurasa wa 6, wa 19 nao unavurugika. Scribus inaumudu mzigo huo. Ni programu huria ya kupangia kurasa iliyoanzishwa na Franz Schmid, haina malipo, inafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS, na mwisho wa kazi inakutolea PDF safi. Full Circle, jarida la watumiaji wa Ubuntu lililoanza 2007, hupangwa kwa Scribus. The MagPi, jarida la watumiaji wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, nalo lilipokuwa bado mikononi mwa watu wa kujitolea kuanzia 2012, lilipangwa hivyo hivyo.

Chukueni toleo la 1.6, lililotoka mwanzoni mwa 2024, na timu nzima iwe nalo. Faili lililohifadhiwa kwa 1.6 halifunguki kwa 1.4, na bado kuna kompyuta nyingi zenye 1.4. Mkilijua hilo wiki ya mwisho kabla ya kutoa jarida, mmechelewa.

Kinachoifanya Scribus istahili muda wa kujifunza ni vitu viwili: kurasa kiolezo na mitindo ya aya. Namba ya ukurasa, jina la jarida na mistari ya pambo huwekwa mara moja kwenye kurasa kiolezo. Mitindo isizidi sita: kichwa, kichwa kidogo, aya, maelezo ya picha, nukuu, msimbo. Mwandishi akileta faili la ODT, yaani muundo wa LibreOffice, Scribus huingiza mitindo yake pia, na baada ya makala tano orodha imejaa majina msiyoyajua. Ombeni maandishi matupu ya UTF-8, picha zikae pembeni kwenye folda yake. Wapo waandishi watakaonung'unika, lakini kazi ya mpangaji inapungua sana.

Ukubwa wa ukurasa uamuliwe kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu kuubadilisha baadaye ni kupanga upya jarida zima. A4 yenye safu tatu inapendeza kwenye skrini ya kompyuta, lakini wasomaji wengi wa Afrika Mashariki watalifungua jarida kwenye simu. Skrini ya simu ina upana wa milimita 70 hivi. Ukurasa wa A4 ukibanwa humo unabaki theluthi moja, na herufi za pointi 10 zinakuwa kama pointi 3. A5 ya wima, safu moja, pambizo za milimita 12 na herufi za pointi 11 ni maafikiano mazuri: msomaji akilaza simu anasoma bila kuvuta huku na huku. A6 inasomeka vizuri zaidi, ila inaunyonga msimbo.

Na msimbo ndio sehemu inayoharibu majarida ya aina hii kuliko nyingine zote. Herufi ya fonti yenye upana sawa huchukua takriban asilimia 60 ya ukubwa wake. Kwa pointi 9 ni karibu milimita 1.9, hivyo nafasi ya milimita 124 iliyobaki kwenye A5 inabeba herufi 65. Waandishi waambiwe kikomo ni herufi 60 kwa mstari, na waambiwe kabla hawajaanza kuandika. Mstari mrefu ukijikunja wenyewe, msomaji anayeanza hajui kama ni amri moja au mbili.

Mtindo wa msimbo uelemee kushoto, usinyooshwe pande zote mbili, na ukataji wa maneno uzimwe. Ukisahau kuuzima, kistari kinaweza kuonekana katikati ya jina la kigezo na msomaji atakinakili kama kilivyo. Kwenye aya za kawaida pia angalieni lugha iliyowekwa kwenye mtindo. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, na kanuni za kukata maneno ya Kiingereza hazilijui hilo. Zikiachwa kazini zitalikata neno kama "wachezaji" mahali pasipo pake. Kuzima kabisa na kuelemeza kushoto ni salama zaidi.

Halafu kuna uharibifu unaotokea kabla makala haijafika kwenye Scribus. Programu ya kuandikia aliyotumia mwandishi hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu. Kwenye mahojiano ni pambo. Kwenye Lua, lugha ya kuandikia programu, maelezo ya msimbo huanza kwa vistari viwili, kwa hiyo mfano wa PICO-8 au LÖVE (zana za kutengenezea gemu zinazotumia Lua) uliopita kwenye programu hiyo haufanyi kazi tena, na kwa macho hauonekani kuwa na kosa. Tafuteni alama hizo katika kila kipande kabla ya kukiweka. Nafasi za tabu nazo zigeuzwe kuwa nafasi nne za kawaida, maana tabu ya Scribus hufuata vituo vya mtindo wa aya na inaweza kuruka nusu ya safu.

Hata msimbo ukipangwa vizuri, msihesabu kwamba msomaji ataunakili kutoka kwenye PDF. Muundo huo huhifadhi kila herufi imechorwa wapi. Idadi ya nafasi zilizopigwa mwanzoni mwa mstari mara nyingi hupotea katika kunakili. Python, na GDScript, lugha ya zana ya gemu iitwayo Godot, hutegemea nafasi hizo. Kila toleo litoke na faili la zipu lenye misimbo yote, na kila makala itaje jina la faili lake humo.

Picha za pikseli zinataka uangalifu wa namna nyingine. Skrini ya PICO-8 ni pikseli 128 kwa 128. Ukiitandaza kwenye milimita 124 unapata pikseli 26 tu kwa inchi. Kikaguzi cha Scribus kitalalamika, na kina haki: visomaji vingi vya PDF hulainisha picha ndogo hadi kingo ziwe ukungu. Ikuzeni kwanza kwenye GIMP, programu huria ya kuhariri picha, kwa namba kamili, tuseme mara 8, huku ulainishaji umezimwa. Mnapata pikseli 1024, yaani karibu 210 kwa inchi, na kila tofali linabaki na kona zake. Msikuze kwa mara 7 na nusu, kwa kuwa matofali yatatoka na upana usiolingana.

Wakati wa kutoa PDF, mgandamizo wa picha uwe "Lossless - Zip". JPEG huacha vumbi la rangi kuzunguka kila kona ya pikseli. Picha yenye rangi 16 kama za PICO-8 hugandamizika vizuri kwa zipu, hivyo faili halinenepi. Zinazonenepesha ni picha za gemu za pande tatu. Hizo zipunguzeni kabla ya kuziweka, pikseli 730 zikitosha kwa upana wote wa safu ya A5. Jaribu la kuweka kikomo cha pikseli 150 kwa inchi kwa jarida zima ni baya, kwa sababu litazishusha pia zile za 210 mlizozikuza kwa makini na kurudisha ukungu. Matumizi yawe ya skrini, si ya uchapaji, la sivyo rangi kali za gemu zitafifia.

Viungo ni udhaifu wa kwanza wa Scribus ninaoulaumu. Katika jarida hili kila makala inaelekeza kwenye gemu fulani, lakini Scribus haikuruhusu kulifanya neno lenyewe kuwa kiungo. Unachora eneo la kubofya juu yake. Aya ikishuka mistari miwili, eneo linabaki pale pale juu ya neno jingine. Kwa hiyo viungo viwekwe mwisho kabisa, mhariri akiwa ameshafunga maandishi, na toleo lenye viungo 40 ni kazi ya jioni nzima. Ukurasa wa yaliyomo nao ni wepesi zaidi kuupanga kwa mkono.

Udhaifu wa pili ni kazi ya pamoja. Hakuna kuhariri faili moja watu wawili kwa wakati mmoja. Wakihifadhi kwenye folda ya pamoja, wa mwisho ndiye anayebaki. Faili la Scribus ni maandishi ya XML, kwa hiyo Git, programu ya kutunza historia ya mafaili, inaihifadhi historia yake vizuri, lakini kuunganisha mabadiliko ya watu wawili ni kuomba faili lisilofunguka. Njia inayofanya kazi ni kila mpangaji kupewa nakala ya kiolezo kilekile na makala yake, kisha mwenye faili kuu aingize kurasa zao. Mitindo isibadilishwe majina hata herufi moja, la sivyo faili kuu litakuwa na "msimbo" na "Msimbo" zinazofanana nusu nusu.

Kwa kawaida picha haziingii ndani ya faili, zinaelekezwa tu zilipo. Folda ya picha ikae kando ya faili, na majina yawe ya herufi ndogo bila nafasi: Windows haijali "Adui.png" na "adui.png", Linux inajali. Kazi ikihama kompyuta tumieni "Collect for Output", inayokusanya faili na picha pamoja, na fonti pia mkichagua zijumuishwe. Kwenye laptopu ya zamani punguzeni ubora wa picha zinazoonyeshwa wakati wa kupanga, na hifadhi ya kiotomatiki iwe kila dakika 5, hasa pale umeme unapokatika ovyo.

Kwa gharama ya sifuri, kwa jarida la kurasa 24 au 32 lenye mpangaji mmoja mvumilivu, ningeichagua Scribus bila kusita. Timu inayotaka watu watano waguse ukurasa uleule kwa pamoja itafute kitu kingine.

PDF ikikamilika, itch.io ni mahali pazuri pa kuiweka. Tovuti hiyo ipo tangu 2013, watengenezaji gemu wengi tayari wana akaunti, bei inaweza kuwa sifuri na mlango wa mchango ukabaki wazi, na ninyi ndio mnaoamua tovuti ichukue asilimia ngapi. Pakieni PDF na zipu ya misimbo kama vitu viwili tofauti, ili mwenye bando dogo apakue anachokihitaji tu. Kabla ya kutangaza, fungueni PDF kwenye simu ya bei nafuu na mbofye kila kiungo.