Ualimu wa chekechea: kukaa chuoni au kusoma wakati wa likizo?

Hapa Kisumu, aliyemaliza kidato cha nne na kutamani kufundisha watoto wa miaka 4 na 5 ana njia mbili. Ya kwanza ni kukaa chuoni muhula mzima: masomo ya mfululizo, maktaba, wenzako wa kujadiliana nao jioni, kisha mazoezi ya kufundisha. Ila karo inadaiwa ukiwa huna mshahara.

Ya pili ni kusoma Aprili, Agosti na Desemba shule zikifungwa, na miezi mingine unafundisha. Mimi naipenda hii. Ukijifunza Agosti kuhesabisha kwa vizibo vya soda na mbegu za maharagwe, muhula ukianza unajaribu darasani kwako Nyalenda. Unaona nani ameelewa na nani anataja nambari kama wimbo tu. Uchovu upo, tena mwingi, hasa kwa mama anayenyonyesha.

Kwa vyovyote, lazima usajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu. Chekechea za umma ziko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo kabla ya kulipa karo, uliza ofisi ya elimu ya kaunti kama cheti cha chuo hicho kinakubaliwa.