TAHADHARI: Hao wanaowaahidi "namba moja Google ndani ya siku 30"

Wakuu, kuna jamaa wanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wajasiriamali, na wanaowawinda zaidi ni wenye kampuni changa. Ujumbe wao ni uleule: tovuti yako haionekani Google, nipe siku 30 nikuweke namba moja kwa maneno kumi, nikishindwa narudisha hela. Na kweli anakuweka namba moja. Hapo ndipo unapopigwa.

Dada mmoja wa Tegeta anayekodisha magari ya harusi aliniletea ripoti aliyopewa. PDF imepambwa, mishale ya kijani kila mahali. Neno la kwanza kwenye orodha: "huduma bunifu za usafiri wa kifahari kwa maharusi Tegeta". Nafasi: 1. Yaliyofuata yote ni ya ukoo huohuo. Sasa niambieni, kamati gani ya harusi inaandika hivyo Google? Watu wanaandika "bei ya kukodi gari la harusi Dar", basi. Sentensi ambayo hakuna mtu anayeitafuta haina mshindani, kwa hiyo ukiibandika kwenye tovuti yako utakuwa wa kwanza hata bila fundi. Tulipofungua Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti watu wanaifikia kwa kutafuta maneno gani, maneno yote kumi hayakuwa na hata mtu mmoja aliyebofya. Kudai hela? Hapati, maana ahadi "imetimizwa".

Kwenye ankara kulikuwa na "kuweka meta keywords", yaani orodha ya maneno inayofichwa ndani ya kodi ya ukurasa. Google walishasema tangu 2009 kwamba hawaziangalii kupanga matokeo. Kulikuwa pia na "kupandisha Domain Authority", ambacho ni kipimo cha nguvu ya tovuti cha kampuni ya Moz, si cha Google.

Kilichonikera zaidi ni linki. Jamaa alinunua rundo la linki za kuelekea tovuti ya huyu dada kutoka tovuti za kamari zisizohusiana kabisa na harusi. Google wanakataza kununua linki ili upande, na mwaka 2011 waliishusha hata JC Penney, duka kubwa la Marekani, baada ya New York Times kuanika linki zake. Fundi akishalipwa anaondoka zake; adhabu ikija inabaki na tovuti yako.

Kabla hujatuma hata shilingi, mwulize kila neno linatafutwa mara ngapi kwa mwezi, na akuonyeshe kwenye Keyword Planner ya Google mbele yako. Haina malipo, ingawa usipotangaza nao inakupa makadirio mapana tu. Akianza kujiumauma, achana naye. Mimi huwa naanzia pengine kabisa: fungua DM za wateja wako usome wanavyouliza, kwa makosa yao ya tahajia na yote. Huyu dada alikuwa na maswali tele ya "mnafika Bagamoyo?" na tovuti yake nzima haikutaja Bagamoyo popote.

Domeini (anwani ya tovuti yako) isajiliwe kwa jina na barua pepe yako. Search Console iwe yako, yeye mpe ruhusa ya mtumiaji tu, siyo umiliki. Na Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza.

Majina siweki hapa. Ila mjue jamaa bado yupo kazini, kabadilisha jina la biashara, na siku hizi anauza "kutajwa na ChatGPT" kwa garantii ileile ya siku 30.