IronWolf nne za TB 8, zilizovikwa godoro

Studio yetu hapa Mwanza inapiga video za harusi na kipaimara, na kila Jumatatu ugomvi ulikuwa uleule: nani afute nini. Seva ina matundu manne tu. Ilikuwa na diski nne za TB 2 kwenye RAID 5 (mpangilio unaounganisha diski kuwa ghala moja, na nafasi ya diski moja hutengwa kwa kinga), yaani TB 6 za kutumia, na zilikuwa zimejaa asilimia 97. Mama mwenye studio akakubali tununue diski nne za Seagate IronWolf za TB 8.

Nilizichukua duka moja la Kariakoo, jina nalihifadhi. Kwa kufunga mzigo, hao watu nawavulia kofia. Kila diski ilivikwa kipande cha godoro, boksi likapigwa kamba, likaja na basi zaidi ya kilomita 1,100 bila hata kona kubonyea.

Mimi sichomeki diski kwenye seva kabla ya kuihoji. Kwa smartctl ya kawaida, programu ya kusoma hali ya diski, zote nne zilisema zina saa 0, mpya kabisa. Ila diski za Seagate za aina hii hutunza kumbukumbu nyingine iitwayo FARM, na smartctl kuanzia toleo 7.4 huisoma ukiandika -l farm. Tatu zilikuwa safi. Ya nne ilikuwa na saa 19,000. Zaidi ya miaka miwili imezunguka kwa mtu mwingine! Mwanzoni mwa 2025 wanunuzi wa Ujerumani waligundua mchezo huuhuu kwa njia hiihii, ndiyo maana nilijua pa kuchungulia.

Nikapiga simu. "Kaka, labda mashine yako inasoma vibaya." Nikatuma picha ya skrini, kimya hadi alasiri, kisha: "Irudishe, tunakubadilishia." Nyingine ilifika baada ya siku nne, godoro tena. Wamebadilisha, sawa, lakini hadi leo hawajasema ile ilitoka wapi.

Kazi yenyewe ni ya subira. Unatoa diski moja ya zamani, unaweka mpya, unaiongeza kwa mdadm (programu ya Linux ya kusimamia RAID), unasubiri ijijenge, ndipo unagusa ya pili. Kwangu kila moja ilichukua saa nne na ushee. Muda wote huo RAID 5 haina kinga: ikifa nyingine, umekwisha. Kwa hiyo nilitaka kwanza kunakili kila kitu kwenye diski ya nje. Mama akaniuliza, "Mwanangu, si ulisema RAID inalinda?" Inalinda diski ikifa, Mama. Haimlindi bibi harusi ambaye folda yake imefutwa kwa bahati mbaya. Diski ya nje ikanunuliwa.

Diski ya tatu ikiwa katikati, umeme ukakatika. UPS, ile betri ya akiba, ilinipa dakika za kuzima kwa utaratibu, na uliporudi, ujenzi ukaendelea pale ulipoishia.

Anayefanya mara ya kwanza asishtuke: ukishabadilisha tatu, nafasi bado ni ileile TB 6. RAID hufuata diski ndogo kuliko zote. Nafasi huja baada ya ya nne, ukiandika mdadm --grow na --size=max, halafu resize2fs ya kutanua mfumo wa faili. Hapo ndipo nilipokwama. Resize2fs ilikataa kuvuka TB 16, kwa sababu mfumo wetu wa faili, ext4, uliumbwa 2015, enzi ambazo alama ya 64bit, inayoruhusu kuvuka ukubwa huo, haikuwekwa yenyewe. Dawa ilikuwa kuutoa mfumo huo hewani, kuukagua kwa e2fsck -f, kisha kuuwekea alama hiyo kwa resize2fs -b. Jumamosi nzima wahariri walikaa barazani wakila mihogo.

Diski zenyewe? Nimeridhika. Ni za CMR, ambazo mistari ya data haipandani, si zile za SMR ambazo mistari hupandana na huburuta miguu RAID inapojijenga, na zina waranti ya miaka mitatu. Zinazunguka mara 7,200 kwa dakika, wakati zile za zamani zilikuwa 5,400, kwa hiyo joto limepanda kidogo na nimeihamisha seva karibu na dirisha. Faili la harusi ya saa sita sasa linafunguka mtu hajamaliza kukaa.

Sasa df, amri ya kuangalia nafasi, inaonyesha 22T. Mama ameshaanza kuulizia kamera ya 4K.