Kazi ya benki kubwa, tawi la Mtwara: nyota tatu kati ya tano

Nafanya kazi kwenye tawi la benki kubwa hapa Mtwara mjini. Nilianzia dirishani kama keshia, sasa niko meza ya mikopo. Benki yenyewe siitaji jina, bado ni mwajiri wangu, na wenzangu wa benki nyingine za hapa mjini tukikaa nao, mengi nitakayoyasema na wao wanayo. Nawaandikia hasa wadogo zangu mnaomaliza vyuo na kutuma maombi kila tangazo likitoka.

Nianze na mshahara, maana ndilo swali lenu la kwanza. Haujawahi kuchelewa. Kwa mkoa ambao wengi wetu tumelelewa kwa kungoja korosho ziuzwe ndipo ada ya shule ilipwe, kuwa na tarehe unayoijua ni neema. Ila kiasi kilichoandikwa kwenye barua ya ajira sicho utakachokishika. Kuna kodi ya mapato, na sehemu ya mshahara inayozidi milioni moja kwa mwezi hukatwa asilimia 30. Kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako kwa kawaida wewe unatoa asilimia 10 na mwajiri 10. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, kuna asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Piga hesabu hiyo kabla hujachukua chumba Shangani.

Bima ya afya ni nzuri kweli. Inamhudumia mume wangu na watoto, na tangu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ianze kazi pale Mitengo, si kila ugonjwa unatupandisha basi kwenda Dar. Mkopo wa wafanyakazi nao ni mkubwa, na riba yake iko chini ya ile ninayomwandikia mteja. Ndio ulionijengea nyumba Mangamba. Lakini soma mkataba wake hadi mwisho: kwetu, ukiacha kazi, riba inapanda na kuwa ya mteja wa kawaida. Wapo wenzangu waliochoka siku nyingi, wana pa kwenda, na hawaendi kwa sababu hiyo tu.

Ninachokipenda kuliko mshahara ni msimu. Minada ya korosho inafunguliwa Oktoba, na kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007, yaani korosho zinakusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, siku hizi fedha hazimfikii mkulima mkononi pale ghalani. Mnunuzi analipa, fedha zinapita chama kikuu cha ushirika, TANECU kwa watu wa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, kisha AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, kisha akaunti ya mkulima. Msimu wa 2024/25 bei ilifunguka ikivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na saa moja asubuhi foleni ilikuwa imeshazunguka jengo, wazee waliotoka Kitangari na Nanyamba na basi la alfajiri. Unapita ukisema shikamoo tangu mwanzo wa foleni hadi mlangoni.

Kazi hasa iko hapo. Mzee jina lake kwenye orodha ya AMCOS ni Mohamedi, kwenye kitambulisho cha NIDA ni Muhamad, na mfumo unakataa. Bibi akaunti yake imelala kwa sababu hajaigusa tangu msimu uliopita. Mwingine laini ya simu aliyosajilia ameshampa mjukuu. Mimi ni Mmakonde wa Newala. Nikimwongelesha bibi kwa lugha ya kwetu anaweka mkoba mezani na kunieleza yote, hata yale aliyokusudia kuyaficha. Akiondoka na fedha zake, najua nimefanya kazi. Na Januari hadi Aprili 2025, Benki Kuu ilipoondoa noti za zamani, zile za mwaka 1985 hadi 2003, na wazee wakalazimika kuzibadilisha mwisho tarehe 5 Aprili, nilipokea noti zilizokaa kwenye makopo na chini ya magodoro, nyingine zimeshikana kwa unyevu. Tulikuwa tunazitenganisha moja moja kwa vidole. Kwa siku zile ningeipa kazi hii nyota zote tano.

Sasa yanayonikera.

Saa za kazi. Milango inafungwa saa kumi, lakini keshia hafungi saa kumi. Anahesabu, anafunga mabunda, analinganisha na mfumo, na chumba cha fedha hakifungwi na mtu mmoja, hivyo aliyemaliza mapema anamngoja aliyechelewa. Msimu, kutoka saa mbili usiku ni kawaida. Sheria inasema saa za ziada zilipwe kwa kiwango cha mara moja na nusu. Kwetu zinaitwa kujituma.

Upungufu wa fedha dirishani unaumiza zaidi. Siku ya malipo ya AMCOS keshia anatoa fedha nyingi mno, na elfu kumi kadhaa kupita kimakosa si jambo la ajabu. Desturi niliyoikuta ni kwamba upungufu ulipwe jioni ileile, mkikopeshana mbele ya meza ya msimamizi. Hiyo si haki, na si sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiri akuandikie sababu ya deni, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Kijana wa mkataba wa mwaka mmoja hajui hayo, na anayejua anaogopa mkataba usije ukaishia hapo. Jiunge na chama cha wafanyakazi wiki ya kwanza, TUICO au FIBUCA, chochote kilichopo kwenye tawi lako. Kwetu desturi ile ilikoma pale tu mwakilishi wa chama alipokuja na kifungu mkononi.

Kina mama, siku 84 za likizo ya uzazi nilipewa zote bila maneno. Lakini saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha, ambazo nazo zimo kwenye sheria hiyohiyo, zinaisha siku foleni inapofika barabarani. Hakuna anayekukataza. Hakuna tu wa kukushikia dirisha, na hilo ni kosa la anayepanga idadi ya watu, si la mama.

Mei 2024 yalitupata mawili kwa mpigo: kimbunga Hidaya na mvua zake zikakata barabara ya Dar kule Somanga, na siku chache baadaye nyaya za intaneti za baharini zikaharibika. Mteja anataka fedha zake, mtandao haupo, na anayetukanwa ni binti wa dirishani, si mkurugenzi.

Yote hayo ningeyavumilia. Kinachonifanya nishindwe kutoa nyota ya nne ni tageti, yaani malengo tunayowekewa.

Tageti inapangwa makao makuu: amana, akaunti mpya, mikopo, kadi, bima, mawakala. Inagawanywa kwa miezi kumi na miwili, sawasawa, utadhani tawi liko Kariakoo. Novemba tunaivuka bila jasho na hakuna anayetupongeza, kwa kuwa korosho ndiyo iliyofanya kazi. Machi fedha zimekwisha vijijini. Juni wakulima wako shambani wanapulizia salfa, na salio la akaunti nyingi linatosha makato tu. Tageti ni ileile. Ndipo unapowaona wafanyakazi wakifungulia akaunti wajomba na mashangazi, wakitumbukiza elfu tano zao wenyewe ili ihesabike, na kila Ijumaa tunasomewa majina ya walio nyuma mbele ya wote. Watu wazima wenye familia.

Kwa upande wa mikopo madhara ni makubwa kuliko aibu ya Ijumaa. Afisa anayetafuta namba ya Machi atampa mkopo mtu ambaye Novemba angemkatalia. Kisha anamwandikia marejesho ya kila mwezi, mtu ambaye kipato chake kinaingia mara moja kwa mwaka. Aprili hajalipa, Mei hajalipa, miezi inapita, mkopo unakuwa chechefu, yaani umekaa muda mrefu bila kulipwa, na Benki Kuu inataka mikopo ya aina hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Basi afisa yuleyule aliyesukumwa kuutoa anaandikiwa barua ya kujieleza. Waliokuwepo mwaka 2018, bei ilipozua mgogoro na serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanasimulia walivyotumwa kuwadai wakulima waliokuwa bado wanangoja uhakiki ili walipwe. Walikwenda hadi majumbani, wakakuta watu hawana kitu, wakarudi kuandika ripoti kwamba mteja hana ushirikiano.

Dawa yake tunaijua na tumeiandika kwenye ripoti zetu: marejesho ya mkulima yafuate mnada, na tageti ya Kusini ipande Oktoba na kushuka Februari. Meneja wetu anakubali. Anayetakiwa kukubali hajawahi kuiona foleni ya Novemba.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, na wakakuuliza mwisho kama una swali, usiulize posho. Uliza tageti ya amana ya tawi hilo ni kiasi gani Novemba, na ni kiasi gani Machi. Uliza pia keshia akipungukiwa utaratibu ni upi, na kama umeandikwa uombe kuuona. Wakikujibu vizuri, njoo. Tunahitaji vijana wanaojua kuongea na wazee wetu.