Rangi ya fuko kwenye fremu yangu: uzoefu wangu

Nina fremu ndogo ya duka Mwanjelwa, Mbeya, nashona na kuuza vitenge. Kwa miaka mitatu ukuta ulikuwa krimu. Kiangazi vumbi, masika tope, na kuanzia usawa wa goti kushuka chini ilikuwa aibu tupu. Nyeupe sikuitaka kabisa, maana kitenge cha machungwa ukikitundika kwenye ukuta mweupe, macho yanauma kabla mteja hajauliza bei.

Dada anayenitengenezea matangazo ndiye aliyenionyesha taupe, ile iliyo katikati ya kijivu na kahawia. Jina ni la Kifaransa, maana yake fuko, yule mnyama mchimba mashimo. Mama yangu, mkulima wa viazi Umalila, aliposikia alicheka mpaka akakaa chini: "Fuko ananimalizia viazi, wewe unampaka dukani?"

Kwenye kompyuta msimbo wake ni #483C32, yaani nyekundu 72, kijani 60, bluu 50. Namba zimekaribiana, ndiyo maana unaona ukijivu. Nyekundu imetangulia kidogo, hapo ndipo ukahawia unapotokea. Ila hiyo ni nzito mno kwa chumba changu, ingekuwa pango. Tukachagua nyepesi kwenye kadi ya rangi, dukani wakachanganya.

Fundi akapiga mkono wa kwanza jioni. Asubuhi nafungua mlango, ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza, nakuta ukuta wa zambarau! Nilitaka kulia. Fundi akashauri tuongeze nyeusi, nikakataa. Kumbe shida ilikuwa mwanga. Mlango na dirisha langu vinatazama kusini, na ilikuwa mwezi wa sita, jua linapita upande wa kaskazini. Ndani hauingii hata mwale. Juu yake nilikuwa na taa nyeupe, zile za kibuluu. Nikaweka za njano, na kwa mkono wa pili nikaomba watie njano kidogo kwenye rangi yenyewe. Zambarau ikapotea.

Sasa vitenge vinaonekana. Bluu ya indigo, kijani cha majani ya mgomba, hata ile pinki niliyokuwa siiuzi, kila kimoja kinakaa peke yake na ukuta unarudi nyuma. Tope halijaisha, ila halikupigii kelele. Kinachoniudhi ni vipande vya uzi mweupe: vikinasa ukutani utaviona kutoka barabarani.

Kosa langu kubwa lilikuwa kununua ndoo moja. Rangi iliisha nyuma ya mlango, nikarudi dukani na namba ileile, wakachanganya nyingine, ikaja imekolea kidogo. Nilisubiri ikauke nikidhani itafanana. Rangi ya maji ikikauka huzidi kukolea, basi tofauti ikabaki palepale. Chukueni ya kutosha kwa mara moja, na jaribuni kwanza kipande cha ukuta, mkitazame asubuhi na usiku.

Mimi pale nyuma ya mlango nimetundika kioo cha wateja. Hakuna aliyeuliza.