Ekzosi ya mabomba mawili kwa Mustang ya 1965 na 1966: ununue ipi

Mustang nyingi za 1965 na 1966 zenye V8 ya 289 (ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) zilitoka kiwandani na kabureta ya matundu mawili, nguvu za farasi 200 na ekzosi ya bomba moja. Mabomba mawili yalikuja na kifurushi cha GT, kilichouzwa na injini ya farasi 225 au 271. Kama unataka kuiweka yako hivyo, nimepanga machaguo kwa gari la kutembelea barabarani, si la mashindano.

1. Seti iliyokwisha kukunjwa, chuma chenye tabaka la alumini, inchi 2¼. Hii ndiyo ningemshauri ndugu yangu anunue. Inafungwa kwenye manifoldi zako za asili, yaani vyuma vinavyokusanya moshi kutoka kwenye injini, na kwa injini hii inchi 2¼ inatosha kabisa. Inchi 2½ mwachie aliyekwisha kubadilisha kamshafti na vichwa vya silinda. Hakikisha kona zimekunjwa kwa mandreli (kiini kinachoingizwa ndani ya bomba lisibonyee), kwa sababu bomba lililokunjwa kwa kubanwa hubonyea na njia ya moshi ikasinyaa palepale.

Usikubali seti isiyo na bomba la kuunganisha pande mbili, lile la umbo la H. Silinda za 289 huwaka kwa mpangilio wa 1-5-4-2-6-3-7-8. Tazama vizuri: 4 na 2 zinafuatana upande wa kulia, halafu 7 na 8 zinafuatana upande wa kushoto. Moshi unarundikana upande mmoja, na H ndiyo inayoupa pa kupumulia. Bila H utasikia mlio wa kukatakata, hasa unapoachia mafuta. Umbo la X nalo ni zuri, ila mlio wake ni mwembamba zaidi. Mimi kwa Mustang ya zamani napenda mngurumo mzito wa H.

Sailensa chukua aina ya turbo (ni jina la muundo wa sailensa tu, si turbochaja). Zenye vyumba zinavuma sana ndani ya gari ukiwa safari ndefu.

2. Seti hiyohiyo ya stenlesi. Ni ghali, lakini kwa anayekaa Michigan au Ohio, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, naiweka juu ya ile ya kwanza. Kuna sababu nyingine watu huisahau: kila bomba hubeba nusu tu ya moshi, kwa hiyo hupata joto polepole. Ukienda dukani na kurudi, maji yanabaki ndani ya sailensa na kuila kutoka ndani. Daraja la 304 linadumu kuliko 409.

3. Fundi akukunjie. Inafaa kama gari limebadilishwa na seti za dukani hazikai. Muulize kwanza mashine yake inakunjaje. Nyingi ni za kubana.

4. Heda ndefu, yaani mabomba yanayochukua nafasi ya manifoldi. Zinaongeza nguvu kweli, lakini kwenye gari hili zinabanana na usukani na mikono ya klachi, zinaning'inia chini, na gasketi zake huvuja mapema. Ngoja mpaka injini izihitaji.

Bomba moja lililogawanywa nyuma kuwa midomo miwili usilinunue. Moshi wote bado unapita kwenye sailensa moja.

Kama gari ni la paa la kukunja, mwambie muuzaji kabla ya kulipa, maana chini yake kuna vyuma vya ziada. Wakati wa kufunga, ekseli ya nyuma iwe imebeba uzito wa gari. Ukifunga ikiwa inaning'inia kwenye lifti, mabomba yataigonga ekseli gari likishuka. Acha klempu zote zikiwa zimelegea, panga mabomba yasiguse springi, tangi wala mpira wa breki, kisha kaza kuanzia mbele kwenda nyuma. Washa injini ipate moto, izime ipoe, ukaze tena.

Kwa walioko California: gari la 1975 au la nyuma zaidi halipimwi moshi, lakini kelele zina kikomo cha desibeli 95.